Umesaini, Umelipa, Halafu Mwenye Nyumba Anageuka

Kodi ya miezi sita umelipa, mkataba umesainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kirikuu cha kubebea vyombo umeshakikodi kwa Jumamosi. Ijumaa usiku simu inaita: "Samahani, ile nyumba anaingia mdogo wangu." Dar es Salaam jambo hili si geni, na aliyejiandaa tangu mwanzo ndiye huwa na la kudai.

Anza na jina. Anayekupangisha ni mmiliki, au mtoto wa marehemu ambaye ndugu zake hawana habari? Omba kuona hati au leseni ya makazi, na mjumbe naye muulize. Kama wanaishi humo mke na mume, wote wawili wasaini. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na anayetaka kukutoa hapati kisingizio kizuri kuliko hicho.

Pesa ipite benki au kwenye simu, kwa jina lilelile la kwenye mkataba. Akitaka taslimu tu, tena bila risiti, mimi hapo huaga.

Ile fomu ya mkataba inayouzwa stationari huwa na kipengele cha notisi na basi. Ongezeni kwa kalamu, wote mtie saini pembeni: akivunja kabla ya muda, anarudisha kodi iliyobaki ndani ya siku ngapi? Kisha lipieni ushuru wa stempu TRA (mamlaka ya mapato), asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Wengi huupuuza, kumbe mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Akishageuka, usimalizane naye kwa simu. Mwandikie, ajibu kwa maandishi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inakupa fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa mkataba, kwa hiyo tunza risiti ya kirikuu, ya gesti, hata ya dalali. Lakini kifungu hichohicho kinaangalia ulivyojitahidi kupunguza hasara. Ukikaa gesti miezi miwili huku vyumba vipo, usitegemee kulipwa yote.

Akigoma kulipa, kuna baraza la kata, ila tangu marekebisho ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Mkishindwana hapo, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na nakala za kila karatasi, zile halisi usimwachie mtu.