Kumwinda kulungu dume mzee kwa upinde kama eneo lako ni dogo

Ukiwa na heka chache tu, kinachokuharibia ni harufu yako kuliko hata kelele. Dume mzee akikunusa mara moja pale kwenye dungu (kijukwaa chako cha juu ya mti) anaanza kupita usiku tu, na we huna pengine pa kuhamia. Kwa hiyo upepo ukiwa unavuma kutoka kwako kwenda anakolala, siku hiyo usiingie kabisa, sitanii. Na kama kuna mteremko, asubuhi jua likiwaka hewa inapanda, jioni ikipoa inashuka na harufu yako nayo inashuka, so mti uliofaa asubuhi jioni unaweza kukuchoma.

Dungu lifunge mita 5 au 6 juu, shina liwe nyuma yako lifiche umbo. Mkanda wa usalama unavaliwa ukiwa bado chini, upinde utauvuta baadaye kwa kamba, mishale ikiwa kwenye podo.

Akija, usivute kamba ya upinde akiwa anakutazama, ngoja kichwa kipite nyuma ya mti. Piga akiwa amekupa ubavu, au amegeuka kidogo kuelekea mbali na wewe, na kwa sababu uko juu fikiria mshale utatokea wapi upande wa pili. Akikukabili uso kwa uso mwache tu.

Halafu tulia. Damu ya pinki yenye mapovu ni mapafu, subiri nusu saa ndo ufuatilie. Mshale ukinuka utumbo, ondoka kimya kimya, rudi baada ya masaa 8 hadi 12.