Skani ya krauni: ukingo kwanza, mengine baadaye

Juzi daktari wa meno kijana ninayefanya naye kazi alirudishiwa faili ya skani ya krauni, yaani kofia ya jino, na fundi wa maabara mara mbili. Jino lilelile, gego la kwanza la chini kushoto. Nikakaa naye.

1. Kalibreti skana ya mdomoni, pasha ncha joto kioo kisishike ukungu, zima taa ya kiti.

2. Fizi. Silikoni, ile ya kuchukulia chapa ya meno, husukumwa ikapenya kidogo chini ya fizi. Skana ni kamera tu, na mwanga haupiti kwenye nyama wala damu. Nilipoanza kuitumia nilituma ukingo, yaani mstari ambapo krauni hukutana na jino, ukiwa na tone la damu. Programu ikalichora kama jino, tena nyororo kabisa. Krauni ilipokuja ikakaa juu juu, sondi, kile kifaa chembamba cha kupapasia, ikazama pembeni. Saa mbili nzima nikaikwangua kwa ndani huku mgonjwa kaachama. Mwishowe nilianza upya.

Tangu hapo natumia nyuzi mbili za kusukuma fizi ziachane na jino. Ule mwembamba, namba 000, unabaki chini. Mnene, uliolowekwa kloridi ya alumini, unakaa juu yake kama dakika tano. Ulowanishe kabla ya kuuvuta. Ukitoka mkavu utachubua fizi, na damu ndiyo hiyo tena. Osha dawa yote, kausha, skani ukingo hapohapo kabla fizi haijarudi. Damu ikigoma, weka krauni ya muda, mgonjwa arudi fizi zikitulia. Ukingo uliozama sana mimi nachukulia silikoni, na wanaoniita mshamba waendelee.

3. Anzia pa kutafunia, rudi kwa upande wa ulimi, malizia wa shavu. Kwa jino moja usizunguke taya zima: picha huungwa moja kwa nyingine, na kosa dogo hukua kadiri unavyokwenda mbali.

4. Zima rangi ya picha kwenye skrini. Rangi hudanganya, kwenye kijivu kitupu ndipo mawimbi na mashimo huonekana. Kuza, zunguka ukingo wote. Pale usipoweza kuchora mstari mwenyewe, fundi naye atakisia. Futa kipande hicho, kausha, skani tena. Kamwe usiiachie programu izibe tundu la picha yenyewe. Pengo kati ya krauni na jino linalotajwa kuwa kikomo tangu utafiti wa McLean na von Fraunhofer mwaka 1971 ni mikroni 120, yaani milimita 0.12, na ute wa mate peke yake unaweza kulimaliza.

Kijana wetu alikuwa hajawahi kuzima rangi. Tulipoizima, ukingo wa nyuma ulikuwa umeyeyuka kama mshumaa.

5. Skani meno ya juu, kisha mng'ato, mgonjwa akiuma kawaida. Tuma.