Mfupa Ukivunjika: Huduma ya Kwanza, Matibabu na Namna ya Kuishi na Plasta

Wengi hushusha pumzi wakiambiwa "ni ufa tu". Ufa ni mfupa uliovunjika, ila vipande havijaachana. Kinachobadilisha matibabu ni maswali mengine: vipande vimehama? Ngozi imechanika? Ufa umeingia kwenye kiungo?

Hakuna dawa inayounga mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe. Damu huganda palipovunjika, kisha wiki mbili tatu baadaye hujitokeza tishu laini inayoshika vipande, nayo hugeuka mfupa taratibu. Kazi ya daktari ni kuvirudisha vipande mahali pake na kuvizuia visicheze. Ni lazima pia ahakikishe damu inapita, na hapo mambo yanaweza kuharibika.

Kabla ya kufika hospitali

Usiunyooshe mfupa, usiukande, wala usimwambie majeruhi "hebu kanyaga tuone". Mvue pete, saa na bangili mapema, maana kidole kikishavimba pete hutoka kwa kukatwa.

Funga gango. Ubao unafaa, hata gazeti nene lililokunjwa, mradi katikati kuwe na nguo laini. Lipite kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika: kwa muundi, lipite goti na kifundo cha mguu. Kosa la kawaida ni gango fupi linaloishia penye maumivu, huku kipande cha chini kikiendelea kucheza. Vitambaa vifungwe juu na chini ya jeraha, si penye jeraha lenyewe. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole cha mkono au mguu huo mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2, ikichelewa, legeza.

Mfupa ukitokeza nje, usiurudishe ndani. Funika kwa shashi safi na umkimbize hospitali, kwa kuwa mgonjwa huyo anahitaji antibiotiki haraka, kinga ya pepopunda na kusafishwa kidonda kwenye chumba cha upasuaji. Paja nalo si la kusubiri: mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima ya damu ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Asile wala kunywa, huenda akahitaji nusu kaputi.

Hospitalini

Eksirei hupigwa angalau pande mbili, ya mbele na ya ubavuni, kwa sababu mfupa unaoonekana umenyooka kwa mbele unaweza kuwa umepinda vibaya kwa upande. Kuna kimfupa cha kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ambacho ufa wake huweza kujificha siku ya kwanza. Maumivu yakiwa palepale, mkono hufungwa na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Vipande vilivyohama hurudishwa kwa kuvutwa, mgonjwa akiwa amepewa ganzi au dawa ya usingizi, kisha mkono au mguu hufungwa plasta ngumu. Vikikataa kutulia, au kiungo kikiwa kimehusika, hufanyiwa upasuaji wa kuweka bamba na skrubu, au chuma ndani ya uwazi wa mfupa. Chuma hakiungi mfupa, kinaushikilia tu.

Plasta, hasa siku mbili za kwanza

Plasta ya jasi (jipsamu) hushika ndani ya dakika chache, lakini hukauka kabisa baada ya saa 24 hadi 72. Kabla ya hapo ibebe kwa viganja na uilaze juu ya mto. Ukiishika kwa ncha za vidole, mashimo yatabaki na yatachimba ngozi kwa ndani.

Inua mkono au mguu juu ya usawa wa moyo, na chezesha vidole kila saa. Uvimbe huongezeka siku hizo, ilhali plasta haitanuki, wala utando unaofunga misuli hautanuki. Shinikizo likipanda, misuli hukosa damu na huanza kufa ndani ya saa chache. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, na makali kupita kiasi mtu mwingine akikunyooshea vidole. Ganzi na vidole kupauka huja baadaye, kwa hiyo usivisubiri. Rudi hospitali hata usiku wa manane, safari hii mkono au mguu ukiwa usawa wa moyo, si juu zaidi. Plasta yote, pamoja na pamba ya ndani, ipasuliwe mpaka ngozi ionekane. Isipotosha, ni upasuaji.

Mwasho? Usichomeke kijiti; mkwaruzo mdogo humo hugeuka kidonda. Harufu mbaya, majimaji au homa ni sababu ya kurudi hospitali plasta ifunguliwe.

Muda, na siku ya kuitoa

Kifundo cha mkono cha mtu mzima huchukua wiki 6 hivi, muundi miezi mitatu au zaidi. Watoto huunga upesi zaidi. Sigara huchelewesha.

Msumeno wa plasta hutetemeka, hauzunguki, hivyo ngozi inayocheza nao haikatwi kirahisi, ila blade hupata moto: ukisikia unaungua, sema. Utakuta ngozi yenye magamba, misuli iliyopungua na kiungo kigumu. Osha kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, paka mafuta, na anza siku hiyohiyo kukunja na kukunjua kiungo polepole mara kadhaa kwa siku. Kubeba mizigo na kukanyaga kwa uzito wote kungoje ruhusa ya daktari.