Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurusha Ndege Nyepesi ya Michezo Kutoka Dodoma

Anayejiandaa kurusha ndege nyepesi ya michezo kutoka Dodoma atenge walau saa moja ya kukaa kwenye kiti cha rubani injini ikiwa imezimwa, kitabu cha ndege hiyo kikiwa mapajani. Kujua jina la kila kishikio hakutoshi. Inampasa ajue kimeunganishwa na nini, na kitafanya nini siku waya wake utakapokatika.

Fimbo ya kuongozea ndege ndiyo ya kwanza. Ikivutwa nyuma, kibao cha mkiani hupanda na pua ya ndege huinuka. Ikilazwa kushoto, aileroni, yaani kibao kinachocheza nyuma ya bawa karibu na ncha yake, ya bawa la kushoto hupanda na ya kulia hushuka. Kuhakiki ni rahisi: shika fimbo dole gumba likiwa wima, kisha ilaze upande mmoja, na dole gumba litaelekea aileroni iliyopanda. Likielekea iliyoshuka, nyaya zimefungwa kinyume, na ndege hiyo hairuki hata kama imetoka kwa fundi jana yake, au tuseme hasa kama imetoka kwa fundi jana yake. Pedali hugeuza usukani wa mkia na, katika ndege nyingi za aina hii, gurudumu la mbele pia.

Injini inayotumika zaidi ni Rotax 912, yenye nguvu farasi 80 au 100. Mkono wake wa mafuta, unaoongeza na kupunguza nguvu ya injini, una tabia ya kushangaza: waya ukikatika, springi za kabureta huvuta injini iende kwa nguvu zote badala ya kuizima, hivyo rubani asiyelijua hilo atapambana na mkono usiotii ilhali angeweza kuzima kwa swichi za moto. Choki nayo haifanyi kazi mpaka mkono wa mafuta urudishwe mwisho kabisa.

Oili hukaa kwenye tangi la pembeni, si chini ya injini. Kabla ya kuipima, swichi zikiwa zimezimwa, zungusha pangaboi kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida mpaka usikie tangi likibwabwaja. Ndipo uchomoe kijiti. Usilizungushe kinyume, kwani hewa huweza kuingia katika mfumo wa oili. Maji ya rejeta yatazamwe injini ikiwa baridi, na petroli kidogo itolewe tangini na kukingwa kwenye chupa angavu: maji hukaa chini, na mstari unaoyatenga huonekana waziwazi.

Dodoma yenyewe inahitaji hesabu yake. Uwanja uko takriban futi 3,670 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo altimita, yaani kipima kimo, iliyowekewa kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya usawa wa bahari haitasoma sifuri ndege ikiwa ardhini. Aliyejifunzia Dar es Salaam hushtuka. Joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kana kwamba uwanja uko zaidi ya futi 6,000, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Mbio za kupaa hurefuka. Wakati wa kutua, kipima mwendo kitasoma kama kawaida huku ardhi ikipita kwa kasi zaidi. Anayeamini macho atapunguza mwendo mpaka bawa liache kubeba. Ndiyo maana asubuhi na mapema, kabla upepo na vumbi havijaamka, ni saa bora kwa mwanafunzi.

Uzito haubishaniwi. Kanuni za Marekani za mwaka 2004 ziliweka kikomo cha kilo 600 kwa ndege ya aina hii inayotua nchi kavu. Ndege tupu ya kilo 350, watu wawili wa kilo 85 kila mmoja na petroli lita 100, yaani kama kilo 72, zinafikia 592. Ndoo ya zabibu za Hombolo itabaki chini.

Mwisho ni bomba dogo la hewa linalolisha kipima mwendo. Nyigu hupenda kulijaza udongo, hivyo lifunikwe ndege ikiegeshwa, na kifuniko kitolewe kabla ya kuwasha. Kama ndege ina parachuti ya dharura, pini ya mpini wake mwekundu nayo itolewe kabla ya kuondoka, na abiria aonyeshwe mpini huo angali ardhini.