Mwanariadha, karatasi zako shika mwenyewe: ya Nigeria tuyaone, yetu tuyapange

Wakimbiaji wa Tanga, makocha, na nyie wazazi ambao watoto wenu wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia njia ya Raskazone, hii nawaandikia nyie. Zikija habari za Nigeria kijiweni watu wanacheka, ooh nchi ile mafuta wanayo, hela wanayo, vipaji wanavyo mpaka vya kuwagawia Wazungu, halafu mkimbiaji wao anakosa mbio za Olimpiki kisa jina halikupelekwa. Haya cheka, ukimaliza njoo tuongee, maana mwenye kipaji halafu hajui fomu yake ilipo tunao wengi tu hapa Ngamiani na Chumbageni. Nachukua mifano ya Nigeria kwa sababu wenzetu wale wanasema, wanaandika hadharani wakiwa bado wamevaa jezi ya taifa, sisi huku malalamiko mengi yanaishia kwenye basi tukifika Segera tumeshasahau.

Jina lako limepelekwa? Na nani? Lini?

Anza hapa kabla hujauliza habari ya viatu. Mkimbiaji wa Nigeria Favour Ofili alikwenda Olimpiki ya Paris 2024 akijua anakimbia mita 100 na 200, muda wa kufuzu wa zote anao, kufika kule anakuta kwenye mita 100 hayupo. Akaandika mwenyewe mtandaoni, wakubwa wakaanza kurushiana mpira, shirikisho la riadha huku, kamati ya Olimpiki kule. Akakimbia 200 akafika fainali akamaliza wa sita, kwahiyo tatizo halikuwa miguu.

Sasa elewa inavyokwenda. Olimpiki mchezaji hajiandikishi mwenyewe hata awe nani, shirikisho la mchezo wake linapeleka majina kwa kamati ya Olimpiki ya nchi, kamati ndo inaingiza. Kwa Paris riadha ilifunga dirisha la kufuzu tarehe 30 Juni 2024 na majina yakatakiwa yawe yameingia ifikapo 8 Julai. Hapo katikati siku nane tu, na ndo hapo majina yanapofia, maana mchezaji yuko mazoezini anaamini kazi yake ameshamaliza, na ofisini kila mtu anaamini mwenzake ameshatuma.

Huku kwetu mlolongo ni mfupi ila ugonjwa ni ule ule. Klabu inapeleka mkoani, mkoa unapeleka taifa, na kila kituo kuna mtu mmoja mwenye simu moja na bando limeisha. Kwahiyo usiulize "kocha, nimo?" maana jibu la hilo swali siku zote ni "umo". Tuma meseji, iandikwe, ibaki. Mfano:

"Shikamoo Katibu. Mimi ni fulani wa klabu fulani hapa Tanga. Naomba kuthibitisha kama jina langu limeshapelekwa kwa mita 200 na mita 400 kwenye mashindano ya taifa ya mwezi huu. Karatasi ya matokeo yangu nimeambatanisha. Kwa kuwa mwisho wa kupokea majina ni Ijumaa naomba jibu kabla ya Jumatano, ili kama kuna kitu kimepungua nikilete. Asante sana."

Angalia hiyo meseji vizuri. Haina lawama, haina "mnatuonea", ina mbio zenyewe kwa majina yake na ina siku. Katibu mwenye nia njema ataipenda maana umemkumbusha, na mwenye uvivu atajua kuna ushahidi. Akijibu "lipo" muombe kwa adabu picha ya ile orodha. Ikifika, isome yote, mita 200 peke yake sio 200 na 400, mtu anaweza kukuandikia nusu na wewe ukafurahi umeona jina. Wapo watakaosema ukiulizauliza sana utaonekana una kiburi. Sawa, kiburi chako kitasahaulika wiki ijayo, mbio za Olimpiki ulizokosa zinarudi baada ya miaka minne kama mguu bado mzima.

Faili

Nunua faili la plastiki, yale yenye kifungo, hata ya mia tano yapo steshenari. Ndani weka cheti cha kuzaliwa cha RITA, kopi ya kitambulisho cha NIDA, pasi ya kusafiria kama unayo (kama huna anza leo, usisubiri kuitwa), na karatasi za matokeo. Hizi za matokeo ndo watu wanazidharau. Yaani mtu anakimbia vizuri pale Mkwakwani, anapigwa picha anashangiliwa, anarudi nyumbani na video ya simu ambayo haina faida yoyote kwa anayepanga timu. Karatasi inayotakiwa ina jina la mashindano, tarehe, uwanja, muda wako, na sahihi ya mwamuzi. Mbio fupi iandikwe na upepo, ukivuma nyuma yako zaidi ya mita 2 kwa sekunde muda huo hauhesabiki rekodi. Na muda wa saa ya mkononi kwenye mita 100, 200 na 400 haukubaliki kufuzu mashindano makubwa ya dunia, lazima uwe wa mashine, kwahiyo ukiambiwa "umeshafuzu" uliza ulipimwa na nini kabla hujamwambia mama. Piga picha kila karatasi ujitumie kwenye imeili yako, maana nyumba zetu za huku mvua ya masika ikipiga na panya wakiamua, faili haliokoki.

Vipimo vya dawa za kuongeza nguvu, hata kama hujawahi kuonja kitu

Hii ndo iliyowaumiza Wanaijeria kuliko zote, na watu wengi waliielewa vibaya. Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, wanariadha 10 wa Nigeria waliambiwa hamruhusiwi kushindana. Kosa lao sio kwamba walikutwa na dawa. Kosa ni kwamba hawakupimwa vya kutosha. Kitengo cha uadilifu cha riadha ya dunia kimeziweka nchi zenye hatari kubwa kwenye kundi A, na Nigeria ilikuwemo, majirani zetu Kenya pia. Mwanariadha wa kundi hilo lazima awe amepimwa mara 3 nje ya mashindano bila kupewa taarifa, ndani ya miezi 10 kabla ya mashindano makubwa, kipimo na kipimo vipishane si chini ya wiki tatu. Kusimamia hilo ni kazi ya shirikisho, sio ya mchezaji. Na baadhi yao walikuwa wanasoma vyuo vya Marekani na walishapimwa, ila vipimo vyenyewe havikufuata utaratibu unaotambulika kwahiyo vikahesabiwa sifuri.

Wakaandamana pale Tokyo na mabango, moja linauliza kwanini tuteseke kwa uzembe wa mtu mwingine. Iliniuma kuona, lakini mbio zilikuwa zimeshakwenda. (Ni kweli pia kwamba mwezi huo huo mwenzao Blessing Okagbare alisimamishwa kwa dawa na baadae akafungiwa miaka 10, ikaja kuongezwa ikawa 11, ila hilo ni lake, hawa 10 walikuwa habari nyingine kabisa.)

Kwahiyo ukianza kuwa na muda mzuri wa kimataifa, muulize kiongozi wako: nchi yetu iko kundi gani mwaka huu, mimi natakiwa nipimwe mara ngapi, nimeshapimwa mara ngapi? Kila ukipimwa utapewa kopi ya fomu, hiyo ni ya kwenye faili. Kama umewekwa kwenye ule mfumo ambao mchezaji anaandika kila siku atakuwa wapi ili wapimaji wamkute, ujaze mwenyewe, usimuachie kocha, zile dakika 60 za kila siku unazosema utapatikana uwepo kweli, ukikosekana mara 3 ndani ya miezi 12 linahesabika kosa la dawa hata kama hujatumia kitu. Unapanda Lushoto kufanya mazoezi ya milima? Badilisha anuani kabla hujapanda gari. Na dawa ya kikohozi ya duka la dawa baridi, huenda ina kitu kilichokatazwa, soma boksi au muulize daktari, sio rafiki.

Vifaa

Sitakaa sana hapa. Rio 2016 nguo za timu ya Nigeria zilifika mashindano yamebakisha siku chache kufungwa. Tokyo mrusha tufe Chukwuebuka Enekwechi aliingia fainali halafu akajirekodi anafua jezi yake bafuni kwa sababu alikuwa na hiyo moja tu. Paris mwendesha baiskeli Ese Ukpeseraye aliingizwa dakika za mwisho kwenye mbio za uwanjani, baiskeli ya mbio hizo hana, akaazima kwa Wajerumani na akawashukuru hadharani. Funzo la mfukoni: spaiki zako, soksi, bukta ya akiba, vyote kwenye begi la mkononi, usiviweke kwenye buti ya basi wala usisubiri za "tutagawa tukifika".

Hela: ulizia mnapotoka, sio mnaporudi

Hapa wachezaji wa mpira wa Nigeria ni walimu wazuri kuliko wanariadha. Kombe la Dunia 2014 Brazil waligoma mazoezi siku chache kabla ya mechi na Ufaransa kwa ajili ya bonasi, serikali ikakimbizana kutoa ahadi. Novemba 2025 kule Morocco, siku mbili kabla ya mechi ya mtoano na Gabon, wakagoma tena, mambo yakamalizwa, wakashuka uwanjani wakashinda 4-1. Sasa linganisha na dada zao. Super Falcons, timu yao ya taifa ya mpira wa wanawake, wamechukua ubingwa wa Afrika Desemba 2016, wamerudi Abuja na kombe, hela hakuna, wakakaa hotelini wakakataa kutoka mpaka wakaandamana kwenda bungeni. 2019 baada ya kutolewa Kombe la Dunia Ufaransa wakagomea tena hotelini, na kwenye madai yao kulikuwa na viporo vya toka 2016.

Unaona tofauti? Kaka zao walidai wakati bado wanahitajika, dada zao walidai kazi imeshaisha. Sisemi mgome, na mtu wa mbio peke yake akigoma anapelekwa mwingine tu, mpira ndo hauwezi kubadili watu kumi na moja kwa siku mbili. Ninachosema ni kwamba posho, nauli, malazi na mgawanyo wa zawadi viandikwe kabla gari halijaondoka stendi. Kikao cha dakika kumi, karatasi moja, kiasi gani kwa siku, nani analipa, lini, asaini kiongozi na nahodha, kila mtu apige picha. Kiongozi akisema "tuaminiane" mjibu kwa heshima kwamba tunaaminiana ndo maana tunaandika. Kama hela haipo aseme haipo, kuna watu wangeenda hata kwa kujitegemea, kinachokera ni kuahidiwa halafu simu haipokelewi.

Yakishaharibika

Kwanza malizana na chama chako kwa maandishi, mkoa, kisha taifa, huku ukimpa kopi afisa michezo wa halmashauri. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lipo kwa sheria toka 1967 na vyama vyote vinasajiliwa huko, kwahiyo barua ya malalamiko pale ni haki yako sio uchochezi. Barua ya watu sita ina uzito kuliko ya mmoja, na ni vigumu kuwafungia sita. Tarehe, meseji, picha za orodha, ambatanisha, matusi acha nyumbani. Ukiwa kwenye Olimpiki yenyewe ipo mahakama ya usuluhishi wa michezo inayofungua ofisi ya muda mji ule ule, haitozi ada na kawaida inatoa uamuzi ndani ya saa 24, ila itakuuliza ushahidi na ndo utakumbuka faili.

Tahadhari moja kubwa, msikimbilie kuomba serikali ivunje uongozi. Julai 2014 FIFA iliifungia Nigeria kwa siku kadhaa baada ya mahakama kuwaondoa viongozi wa mpira. Mei 2022 rais Buhari akaitoa Nigeria kwenye mashindano ya kimataifa ya kikapu kwa miaka miwili ili kusafisha ugomvi wa viongozi, mwezi uliofuata akabadili uamuzi, lakini FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilishawaondoa akina dada wa D'Tigress, timu ya taifa ya kikapu ya wanawake, kwenye Kombe la Dunia na nafasi yao wakapewa Mali. Walikuwa mabingwa wa Afrika wale. Viongozi waligombana, waliokosa ndege ni wachezaji.

Na lile linalosemwa sana siku hizi, "mi nitahamia nchi nyingine". Annette Echikunwoke, mmoja wa wale 10 wa Tokyo, alirudi akarushia nyundo Marekani na Paris akachukua medali ya fedha. Ofili nae 2025 zikatoka habari anataka kukimbia kwa jezi ya Uturuki. Lakini Annette amezaliwa Marekani, uraia alikuwa nao tayari. Riadha ya dunia inataka usubiri miaka 3 na uwe umefikisha miaka 20, na sheria yetu ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ukichukua wa kule wa huku umeuacha. Kwahiyo wakala akikupigia simu kutoka Bahrain au Qatar na ahadi ya nyumba, kaa na wazee, muombe mkataba kwa lugha unayoisoma, mpelekee mwanasheria pale mjini, na uliza jambo moja mapema: ukiumia goti mwaka wa pili, pasipoti yao inabaki na wewe au inarudi?