Hopsi na nafaka za bia ya shambani

Ukitaka kupika saisoni, ile bia ya mashambani ya Wallonia, Ubelgiji, na uko Kampala, usihangaike na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zenye harufu kali ya machungwa. Chukua Saaz au East Kent Goldings. Hizo ni za upole, na ladha ya pilipili na matunda inayoipa bia hii sifa hutoka hasa kwenye hamira. Kwa lita 20, tia gramu 50 za Saaz mchemko unapoanza, na 20 nyingine zikibaki dakika 5 mchemko uishe. Lakini nusa kwanza: zikinuka jibini kuukuu, tupa. Pakiti iliyofunguliwa ikamue hewa yote, uifunge, ikae friza.

Kimea cha shayiri ndicho kiwe kingi, mtama asilimia 15 hivi. Unga wa mtama upike uji kabla ya kuuchanganya, maana wanga wake hauivi vizuri kwenye nyuzi 65 zinazoitosha shayiri. Mtama wa kukaangwa, ule wa tonto, pombe ya ndizi ya Uganda, mimi siuweki, unazifunika hopsi. Joto letu lisikutishe, hamira ya saisoni hupenda nyuzi 25 hadi 30. Ndoo ikae kivulini tu.