Somo: Barua ya mapendekezo kwa mfanyakazi anayeondoka

Wiki mbili zilizopita kijana wangu wa stoo alikuja kuniaga. Kaona tangazo la kazi ya ghala Dar, na huko wanataka barua ya mapendekezo. Tanga yetu wanaiita waja leo waondoka leo, lakini yeye kakaa nami kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani miaka mitano, nikaona nimwandikie barua itakayosomwa. Nilifanya hivi.

Kwanza, mwite mkae. Akupe tangazo lenyewe ulisome. Nusura nijaze ukurasa kwa sifa za kuuza; kumbe huko hatauza hata msumari, wanataka mtu wa kupokea na kuhesabu mizigo.

Pili, toa faili lake. Tarehe ya kuanza na ya kuondoka, cheo, na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikipishana na vyeti vyake, umemtia mashakani.

Tatu, kichwa cha barua. Jina la biashara, S.L.P., simu, tarehe. Mpokeaji humjui? KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA, kisha YAH: na jina la kijana. Hapa hapana ufundi.

Nne ndipo penye kazi. Wengi tunaandika "ni mchapakazi, mwaminifu, ana nidhamu na anashirikiana na wenzake". Barua za namna hiyo nimezipokea nyingi na sijaajiri mtu kwa ajili ya hata moja, maana na mwizi anayo. Tafuta tukio moja uliloliona kwa macho yako. Mimi niliandika:

"Jioni moja ya Ramadhani lori lilitushushia saruji. Hati ilisema mifuko 600. Yeye alihesabu 597, akakataa kusaini mpaka dereva aandike upungufu kwa mkono wake. Adhana ilikuwa karibu, na mimi mwenyewe nilimwambia asaini tu twende tukafuturu."

Mke wangu alitaka sentensi ya mwisho niifute, eti najivua nguo. Nimeiacha.

Tano, sababu ya kuondoka, kwa sentensi moja. Saini, jina, cheo, muhuri, na namba ya simu ambayo unaipokea kweli. Ukurasa mmoja unatosha.

MASWALI

Swali: Kaka, mimi niko Muheza, nataka kumwandikia dada aliyenilelea watoto. Sina kampuni wala muhuri.
Jibu: Andika kwa mkono, dada yangu, weka jina lako kamili, unapoishi na simu. Barua ya utambulisho achukue kwa mwenyekiti wa mtaa wake, iende pamoja na yako. Ila taja umri wa watoto: aliyelea pacha wa miezi minne si sawa na aliyewapeleka wakubwa shule.

Swali: Nimemwachisha mtu kazi, hesabu zake hazikukaa sawa. Sasa anadai barua. Nikimnyima nitashtakiwa?
Jibu: Hapo kuna karatasi mbili, usizichanganye. Cheti cha utumishi ni haki yake ajira inapokoma, hata kama mmeachana vibaya; soma kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mpe. Barua ya mapendekezo ni hiari yako. Ukishindwa kumsifia bila kusema uongo, mwambie ana kwa ana kwamba huandiki.

Swali: Wangu kaja na barua keshaiandika mwenyewe, anataka saini tu.
Jibu: Isome. Ya kweli yaache, pambo lifute, kisha ichape upya kwa maneno yako. Ukisaini bila kusoma, siku ukipigiwa simu utababaika.

Swali: Kiswahili au Kiingereza?
Jibu: Fuata lugha ya tangazo.

Swali: Kijana kapata hiyo kazi?
Jibu: Bado hajaambiwa. Ila juzi walinipigia. Uchapakazi hawakuuuliza kabisa, waliuliza kama ile mifuko mitatu ililipwa. Nikawaambia ililipwa, wiki ile ile.